Shavu la Upande wa Ukuta

Mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya mzee Maliro, pale Butembo, jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa kusonga ugali wa obundu wala kupalilia maharagwe. Alifundishwa kumhudumia mama mkwe kwa upande wa kuume. Kikombe kinatokea kuume, na sahani vilevile, hata maji ya kunawa. Ukijikuta umefika kushoto kwa bahati mbaya, unarudi nyuma, unazunguka, unaanza upya kama mtu aliyeingia sasa hivi mlangoni.

Godelive alifundishwa hivyo na mume wake Siméon, juma la kwanza la ndoa yao.

"Kwa mama, usipitie kushoto," alimwambia. "Hiyo njo heshima ya kwetu."

Godelive alizaliwa Kalunguta, na kwao heshima hiyo haikuwepo, lakini kila nyumba ina desturi zake. Aliishika. Aliishika vizuri hata akawafundisha watoto wake wawili, Lusenge na Falonne, kabla hawajajua kufanya ishara ya msalaba. Majirani waliona, wakafikiri ndiyo adabu ya watu wa zamani, wakaiga. Baada ya miaka ishirini na kitu, karibu mtaa mzima ulikuwa unawapa wazee wa kike chai kwa upande wa kuume, na hakuna aliyeweza kusema jambo hilo lilianzia wapi.

Mama mkwe mwenyewe aliitwa Kahongya, mtu wa Lubero, mwembamba, mnyamavu, mkono wake mwepesi katika kazi. Alifunga kitenge kichwani namna yake: ncha moja aliishusha juu ya shavu la kushoto, akaipitisha mbele ya mdomo, akaichomeka chini ya kidevu. Kanisani alikuwa na nafasi yake, mwisho wa benchi, bega la kushoto likigusa ukuta. Nyumbani kigoda chake kilikaa karibu na moto, ukuta kushoto. Alikula akiwa ameinama, na mkamwana hamtazami mama mkwe akila. Wenye mdomo walisema anaumwa jino.

"Jino gani hilo?" walicheka sokoni. "Tangu uhuru linauma, na halitoki!"

Godelive hakuuliza. Alidhani ni kovu la moto. Aliwahi kuona kipande cha shavu asubuhi moja, akageuza macho haraka, kama mtu aliyekuta mlango wa bafu wazi.

Siméon alikufa katika vita vya kwanza. Alikwenda Kalunguta kutafuta mbegu, akarudishwa amefunikwa majani ya migomba. Baada yake Godelive alibaki na mama mkwe na watoto wale wawili, akauza vitunguu na karoti sokoni, akasali rozari yake kila jioni, akashukuru kwa kilichobaki. Vita vya pili vilipokuja, askari walibadilika majina na kofia, lakini vitunguu vililiwa na wote.

Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na moja, Mungu alimkumbuka. Falonne, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alitakwa na kijana wa Beni, Urbain, muuza mafuta ya mawese wa mtaa wa Beu. Kijana mwenye adabu, Mkatoliki, hanywi mpaka kuanguka. Ilibaki jambo moja. Kwetu, kabla mbuzi wa mahari hawajatajwa, upande wa kijana hutuma mzee mmoja kuja kuangalia. Anakaa siku tatu, anakula nanyi, anasalimia majirani, anauliza polepole: je, katika ukoo huu kuna wezi? Kuna wachawi? Kuna ugonjwa unaorudi, unaotoka kwa babu ukaenda kwa mjukuu? Akirudi na neno baya, mbuzi hawaji, na msichana anabaki na doa ambalo sabuni haitoi. Mzee aliyechaguliwa aliitwa Ananie, na habari zilisema atapanda na gari la kwanza litakalopata askari wa kulisindikiza.

Hapo ndipo uso wa Lusenge ulipoanguka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Lusenge, kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa mabati, alichota maji ya kusukutua mdomo, na maji yakamtoka upande wa kushoto yakamwagika kifuani. Akacheka, akidhani bado ana usingizi. Falonne alipomwona akicheka alipiga kelele. Upande wa kuume ulicheka. Upande wa kushoto ulikaa tu, umelegea, kama nguo iliyotundikwa kwa kibanio kimoja. Jicho la kushoto halikufunga. Alipojaribu kulifunga, jeupe la jicho lilipanda juu, likabaki linawatazama.

Muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye haraka lakini si mbaya, alimwambia akunje paji la uso, apige mluzi, avimbishe mashavu. Kisha akamwambia Godelive:

"Mushipa wa uso umelala, mama. Mara mingi unaamuka wenyewe. Sababu yake, hata banganga bakubwa habaijue. Mais lakini kuko familia zenye inatembea ndani. Kwenu kuko mwingine?"

"Hapana," Godelive alijibu kwa moyo mweupe. "Kwetu hakuna."

Walipofika nyumbani, mama Kahongya aliomba kijana asogee mwangani. Alimpapasa shavu kwa vidole vyake vikavu, kutoka paji mpaka kidevu, polepole, kama anayesoma. Alirudi kwenye kigoda chake, akaelekea ukutani, na siku mbili hakula.

Mtaani hawakukaa kimya kama yeye. Muuguzi amesema sababu haijulikani? Basi, kama sababu haijulikani, ndiyo karuho yenyewe! Kwetu sumu ya karuho ni kama mvua: kila mtu ana hadithi ya aliyenyeshewa. Wakaanza kuuliza: Jumapili, Lusenge alikunywa wapi? Na jibu lilikuwepo. Jumapili baada ya Misa alikwenda kupiga misumari kwenye bati la mwalimu Delphine, na Delphine alimpa chai.

Huyu Delphine alikuwa mtu wa Kisangani, mwalimu wa darasa la kwanza. Alifika Butembo na mume wake askari wa jeshi la zamani. Jeshi lilikimbia, mume akaenda nalo, na barua haikuja. Barabara ya kwao ilikatika, mshahara wa serikali ukawa hadithi, lakini kila asubuhi alifungua darasa lake, akaandika a, e, i, o, u ubaoni. Hakuwa na ndugu hata mmoja katika mji ule. Kinande, lugha ya pale, alikisema vibaya mpaka wanafunzi wake walimcheka kwa upendo. Na adabu za mtaa hakuzijua zote. Siku ya kwanza alipowatembelea kina Godelive, miaka miwili kabla, alichukua kikombe cha mama Kahongya akampelekea kwa kushoto kabisa, akainama kati yake na ukuta.

"Mwalimu! Si huko!" Falonne alimgombeza. "Kwenu habafundishe heshima?"

"Mumwache," mama Kahongya alisema, akipokea kikombe. "Ni mugeni."

Na jambo la ajabu, tangu siku hiyo mama Kahongya alimpenda yule mgeni. Ndizi zilipoiva, mkungu wa kwanza ulikwenda kwa mwalimu.

Sasa vijana waliolinda mtaa walizunguka nyumba ya mwalimu. Mkubwa wao, Muyisa, alikuwa rafiki wa Lusenge tangu ubatizo, na hasira yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ilikuwa mbaya.

"Muke wa soda!" alipaza sauti mlangoni, yaani mke wa askari. "Bwana yako alikimbia, ukabaki kutumalizia batu?"

Lusenge alijaribu kumtuliza, lakini midomo yake haikukutana, maneno yakatoka na mate, na kila alipozungumza vijana walizidi kuwaka. Shefu wa mtaa, mzee Zorobabel, alifika mbio na fimbo yake, akasema hakuna atakayemgusa mtu kabla ya barza, kikao cha kusikiliza kesi. Barza itakaa Alhamisi. Kila mmoja atakuja na watu wake. Vijana walikubali kwa shida, na wawili wakabaki kulinda mlango. Godelive alijua Alhamisi ile italeta nini. Mwezi uliopita, katika mtaa mwingine, mwanamke alishindwa barzani kwa ajili ya karuho. Walimsindikiza kwa mawe mpaka njia ya Beni, na waliomkuta baadaye hawakupenda kueleza walichokikuta.

Jumatano, karibu na saa sita ya mchana, mzee Ananie alishuka kutoka juu ya mapipa ya mafuta, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipokelewa, akapewa maji, akapewa kiti. Lusenge alijificha kwa jirani. "Iko kwa kazi," Godelive alisema, akainama kumwongezea mgeni maji.

Saa tisa, mzee alipokwenda kusalimia mtaa, mama Kahongya aliita.

"Mama Lusenge. Funga mlango. Kuya huku."

Godelive alikwenda kuume.

"Hapana. Kuya kushoto."

Miaka ishirini na mitano hakuwahi kukanyaga pale, kati ya kigoda na ukuta. Alipenya kwa ubavu, akapiga magoti. Mama mkwe alitoa ncha ya kitenge chini ya kidevu, akaifungua.

Halikuwa kovu. Ngozi ilikuwa nzima, laini, haina mikunjo, kama shavu la mwanamke kijana lililosahaulika kwenye uso wa mwanamke mzee. Lakini lilikuwa limeanguka. Pembe ya mdomo ilining'inia, na jicho lilikuwa wazi, jekundu, linatoa machozi bila kulia. Ulikuwa uso wa Lusenge.

"Mwaka wa sitini na ine," mama Kahongya alisema. "Nilitoka shambani muzima, nikalala, nikaamuka hivi. Baba yangu ilimukamata kwanza, ikapona kabla ya mavuno. Kaka yangu ilimukamata mara mbili. Mimi haikutoka. Maliro bwana yangu akasema: funika, batu basione, batasema nyumba yetu ina kitu. Siméon alikuwa na miaka kumi. Njo yeye alinifunga kitambaa siku ya kwanza. Akasema, mama, nitakaa kushoto yako siku yote, hakuna mutu atapita."

Godelive alilia. Alilia kwa ajili ya mtoto yule wa miaka kumi, na kidogo kwa ajili yake mwenyewe, kwamba Siméon alilala naye miaka yote ile na siri hii kati yao kama mtoto wa tatu.

"Kesho nitaenda barzani nifungue," mama mkwe aliendelea. "Mwalimu hana kosa. Ni damu yangu. Mais mukwe wa Beni iko hapa, macho yake iko wazi. Nikifungua, Falonne haolewi. Mutoto ni wako, si wangu. Ukisema nifunge, nitafunga, Mungu atatuhukumu sisi wote mbili. Sema."

Godelive aliinuka. Alibeba ndoo, akaenda kisimani, akarudi bila maji. Kisha akafunga obundu na maharagwe katika kitambaa, akaenda kwa mwalimu. Wale vijana wawili walimpisha, maana yeye ndiye mama wa mgonjwa, na walidhani anakwenda kulaani.

Delphine alikuwa mezani, anasahihisha madaftari.

"Unasahihisha?" Godelive alishangaa. "Leo?"

"Batoto bataomba madaftari yabo, Mama Gode. Hata kama si mimi nitabarudishia."

Godelive aliweka chakula mezani. Alitaka kuanza mbali, lakini maneno yalimtoka yenyewe.

"Mwalimu, ile siku ulipita kushoto ya mama. Uliona nini?"

Delphine aliweka kalamu chini.

"Kitenge kilikuwa kimefunguka, alikuwa anataka kunywa. Nikamuona. Akaniangalia kama mutu wa kukamatwa anaiba. Nikamuuliza: mama, sukari inatosha? Basi."

"Donc kumbe unajua! Tangu Jumatatu unajua ugonjwa ya Lusenge inatoka wapi! Na banataka kukuua! Mbona hausemi?"

"Uso wa mutu anaufungua mwenyewe. Mimi nikisema mbele ya batu, ni kama nimemuvua nguo. Alinificha mimi mugeni chini ya mukono yake, akanipa ndizi. Nitamulipa hivyo?"

"Na ukikufa?"

"Naogopa, Mama Gode. Sikudanganye. Tangu jana naenda choo kila saa, hata balinzi bangu bananicheka." Akajaribu kucheka naye, na uso wake wote ulitii, pande zote mbili, lakini macho hayakucheka.

Godelive alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, ameungama kila mwezi, amedhani anajua ujasiri ni nini. Kumbe ulikuwa umekaa nyumba ya nne kutoka kwake, unasahihisha madaftari. Na mwingine ulikuwa jikoni kwake mwenyewe, umefunikwa kitenge.

Alimwambia Falonne yote, nyuma ya nyumba, penye majivu.

"Na mimi?" msichana alilia. "Mama, na mimi?"

"Na wewe utalia. Na mimi nitalia pamoja na wewe. Mais hatutalia juu ya damu ya mutu."

Falonne alikwenda kulala bila kula. Godelive aliingia jikoni, akapita kushoto, akamnong'oneza mama mkwe: "Tutaenda."

Barza ya mtaa ni nyumba ya majani yenye ukuta mmoja tu, wa nyuma. Ndani kuna mabenchi mawili yanayotazamana, na meza ya shefu katikati, mbele kidogo. Benchi la wanaolalamika liko namna ambayo anayekaa mwisho wake anakuwa na ukuta kushoto kwake. Benchi la mshitakiwa liko ng'ambo, na anayekaa pale, shavu lake la kushoto linawatazama watu wote wanaosimama nje. Ni desturi ya barza kwamba kila upande unakaa na ndugu zake. Ndugu wakijaa benchi, hata mwenye kosa anapata huruma. Asiye na mtu, kesi yake inakwisha haraka.

Alhamisi, Delphine alikaa peke yake kwenye benchi la watu kumi. Alivaa sketi yake ya shule na alikuwa amepiga pasi. Umati ulijaa mpaka kwenye barabara ya chukudu, zile baiskeli za mbao. Mzee Ananie alikuwa katikati yao, mikono nyuma, anaangalia, maana kuangalia ndiyo kazi iliyomleta.

"Mama wa mugonjwa," shefu Zorobabel alisema, "kaa na batu yako, useme."

Benchi lao lilikuwa tayari limejaa, Muyisa na vijana, majirani, Lusenge mwenyewe na kitambaa mdomoni. Mwisho wake, penye ukuta, walikuwa wamemwachia mama Kahongya nafasi, bila kufikiri, kama walivyozoea.

Mama Kahongya alisimama ukingoni mwa barza, ameegemea fimbo. Godelive alimshika mkono wa kuume. Na hapo Falonne, ambaye asubuhi nzima hakumsemesha mtu, macho yamevimba, alitoka katikati ya wasichana wenzake, akaja akamshika nyanya yake mkono wa kushoto. Wa kushoto! Watu waliguna. Wakatembea watatu, wakaipita ile nafasi ya ukutani, wakapita mbele ya meza ya shefu, wakaenda kuketi kwenye benchi la mshitakiwa.

"Yere!" mtu alisema. "Mama Lusenge amepoteza njia?"

"Mama, ni huku!" Muyisa aliita, anapiga ubao kwa kiganja. "Huko ni kwa adui!"

"Naona vizuri nilipokaa," Godelive alijibu. "Mwalimu hana batu. Leo sisi njo batu yake."

Delphine alimgeukia mama Kahongya, akamshika goti.

"Mama, hapana," alinong'ona. "Hapana, si kwa ajili yangu."

"Nyamaza, mutoto," mama Kahongya alisema. "Ulibeba yangu miaka mbili. Inatosha."

Akaichomoa ncha ya kitenge, akakifungua chote, akakiweka mapajani na kukikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama anayetoka kuanua nguo. Kisha akainua kichwa. Shavu lake la kushoto liliwatazama watu wote.

Waliosimama mbele walirudi hatua moja.

"Lusenge," aliita. "Toa ile kitambaa. Funga macho."

Lusenge alitoa kitambaa, akafunga macho. La kushoto lilibaki wazi. Ng'ambo ya meza, nyanya yake alifunga macho yake pia. La kushoto lilibaki wazi. Watu waliokuwa nyuma walisukumana kuona, na walioona walijishika midomo.

Muyisa ndiye aliyepata sauti kwanza, na hakutaka kushindwa.

"Pengine na mukaka, nyanya yetu, alipewa karuho na huyu muke!"

"Mwaka wa sitini na ine?" mama Kahongya aliuliza. "Mwalimu, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Sitini na nane, mama."

"Basi huyu ni fundi! Alinilisha sumu akiwa bado kwa Mungu."

Kicheko kilianzia kwa shefu mwenyewe, kikashika umati, na mama Kahongya akacheka nao, kwa upande mmoja, mbele ya watu wote, bila kuweka mkono mdomoni. Godelive alimtazama. Hakuwahi kumwona mama mkwe wake akicheka. Uso ule uliovunjika katikati ulimpendeza kuliko picha yoyote ya mtakatifu aliyowahi kuwashia mshumaa.

Kisha mama Kahongya alieleza yote: baba yake, kaka yake, yeye, na sasa mjukuu. Ugonjwa unatembea katika damu yake, sababu anaijua Mungu. Mwalimu aliuona uso huu siku ya kwanza, akanyamaza, na angenyamaza mpaka kaburini. "Kama kuna mwenye kosa, ni mimi niliyeufunika. Ningetembea wazi, leo kila mutu angesema: ah, Lusenge ameshikwa na ile ya mukaka yake. Mungeleta maji ya moto na pole, si mawe."

Shefu Zorobabel hakuhitaji kusema maneno mengi. Aligonga meza, akasema mwalimu arudi darasani, na atakayemtupia hata punje ya mahindi atajibu kwake. Muyisa aliinuka benchini. Halafu alivuka ng'ambo, akasimama mbele ya Delphine, mikono haijui pa kwenda.

"Mwalimu... ile bati yako. Lusenge hajaimaliza. Nitaimaliza mimi."

"Na chai utakunywa?" Delphine aliuliza, machozi yanamtiririka.

"Nitakunywa," alisema Muyisa. "Vikombe mbili."

Mzee Ananie alingoja mpaka watu walipopungua. Alikuja kumsalimia mama Kahongya kwa mikono yote miwili, akavua kofia.

"Mama, miaka yangu ni mingi, nimeona baaskari banakimbia. Jambo ulilofanya leo sijaona mwanaume akilifanya. Mais nilitumwa kuangalia. Nitasema nilichoona, siwezi kupunguza."

"Sema yote," Godelive alimjibu kabla mama mkwe hajajibu. "Usiache kitu."

Aliondoka kesho yake juu ya mapipa matupu. Jibu lilifika katika Kwaresima, kwa mdomo wa mtu wa gari: watu wa Beu wanashukuru kwa mapokezi, lakini mbuzi wao watabaki zizini. Falonne alilia siku mbili, kama mama yake alivyosema atalia, na mama yake alilia naye. Siku ya tatu alifunga kitambaa, akaenda kumsaidia Delphine darasani, maana wanafunzi walikuwa wameongezeka.

Lusenge alikwenda huko pia, jioni, shule ikishafungwa. Delphine alimketisha mbele ya kioo kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza.

"A," alisema mwalimu.

"A," alisema Lusenge, kwa nusu ya mdomo.

"E. Vuta! I. Huko kushoto kunalala, kuamshe! O. U."

Kufikia Pasaka alipiga mluzi. Mluzi mbovu wenye hewa nyingi, lakini mama yake, aliyekuwa sokoni kati ya vitunguu, alipoambiwa, aliacha mzani na mteja, akafanya ishara ya msalaba palepale.

Uso wa mama Kahongya haukupona, na hakufunga tena kitenge. Kanisani aliendelea kukaa mwisho wa benchi, penye ukuta, kwa sababu bega lake lilikuwa limeuzoea, ila alihamia benchi la upande wa pili wa njia, ambapo ukuta uko kuume. Mtaani, wanawake bado wanawapa wazee wao chai kwa upande wa kuume, maana desturi ikishazaliwa haiulizi mama yake yuko wapi.

Siku moja Godelive, kwa mazoea, alimletea mama mkwe chai kwa kuume. Mzee hakupokea. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Nitakunywa namna gani," alisema, "na mukamwana wangu ananikimbia?"

Godelive alizunguka, akapita kati ya kigoda na ukuta, akainama kushoto.

"Mama, sukari inatosha?"

"Ongeza kidogo," alisema mama Kahongya, akamgeuzia uso.